Vikombe Viwili Kwenye Sinia

Mama Birika jina lake alilipata kazini. Alikuwa mpika chai katika jengo la serikali, lile refu la bati jekundu, ambalo upande mmoja ulikuwa ofisi ya Mkuu wa wilaya na upande wa pili mahakama. Jiko lake lilikuwa katikati, chumba chembamba chenye kidirisha cha kutolea moshi, na harufu ya majani ya chai ilikuwa imeingia mpaka kwenye kanga zake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana mambo yote yalianzia hapa. Kati ya chumba cha hakimu na ofisi ya Mkuu palikuwa na mlango. Mlango wa mbao wa kawaida tu, kitasa kimelegea. Waliokaa kwenye mabenchi nje wakingoja kesi zao hawakuuona. Siku Mkuu akiwa na lake kuhusu kesi fulani, alichungulia jikoni akasema, "Mama, leo chai yangu ipeleke upande wa pili." Hapo Mama Birika alipanga vikombe viwili kwenye sinia na kumpelekea hakimu. Hakimu akiona vikombe viwili huvua miwani, huweka kalamu chini, akangoja. Kitasa kinalia, Mkuu anaingia, wanakunywa taratibu. Vikombe vinaporudi jikoni kusuuzwa, kesi imeshakwisha, hata kama huko mahakamani watu watabishana mpaka jasho liwatoke.

Mama Birika hakuona ajabu. Kwake serikali ilikuwa kama nyumba yoyote, ambayo baba na mjomba hujifungia chumbani wakaamua mambo ya watoto. Ni mara moja tu sinia lile lilimwelemea. Jirani yake, mjane aliyekuwa akiuza mkaa, alikuwa anagombea kiwanja alichoachiwa na mumewe, na siku ya hukumu Mkuu akataka chai yake upande wa pili. Mjane akakosa kiwanja. Jioni Mama Birika alimpelekea mfuko mzima wa sukari, akakaa naye, akalia naye. Habari ya vikombe hakuitaja.

Kisha ikaja katiba mpya. Kwenye redio walizungumza mpaka betri zikachoka. Karani wa mahakama, mtu wa mizaha, ndiye aliyemweleza Mama Birika akiwa anakoroga maziwa.

"Mama, talaka imetoka."

"Ya nani tena?"

"Ya Mkuu na mahakama. Sasa kila mtu kwake. Wabunge watunge sheria, Mkuu atawale, sisi tuhukumu. Hakuna kufunuliana masufuria."

"Na chai?"

"Chai haikuandikwa, utapika tu."

Haikupita muda akaja fundi mwashi, akaung'oa ule mlango na fremu yake, akapanga matofali. Mama Birika alimpelekea maji ya kunywa, akasimama kumtazama.

"Ukuta huu utakauka kweli, baba?"

"Ukikauka, mama, hata kikohozi hakipiti."

Akapiga lipu na kupaka rangi. Rangi ya jengo ilikuwa imepauka, kwa hiyo mahali pa mlango pakabaki na umbo la mlango, jipya na jeupe zaidi, kila aingiaye ofisini anapaona. Hakimu wa zamani akaitwa mbele ya tume iliyokuwa ikiwachuja mahakimu, na hakurudi hata kuchukua mwavuli wake. Akaletwa mwingine, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyekunywa chai yake mwenyewe, kikombe kimoja, na kila mara akasema, "Ahsante, mama."

Mama Birika alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Stoo ya mfanyabiashara mmoja ilivunjwa, na mlango wake wa chuma ulikuwa kazi ya Cheche. Polisi hawakutafuta mbali. Dhamana ilimshinda, kwa kuwa ilitakiwa hati ya nyumba na wao walikuwa wapangaji, hivyo akabaki mahabusu. Kesi ikaangukia kwa yule hakimu mpya.

Siku hiyo hiyo hakimu alimwita Mama Birika.

"Mama, kuanzia leo chai yangu ataleta mhudumu wa mapokezi. Wewe usiingie humu mpaka kesi ya mwanao iishe. Nadhani unanielewa."

"Nakuelewa, mheshimiwa."

Hakuelewa. Alirudi jikoni akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akamwambia karani, "Amekataa chai yangu. Huyu ana kinyongo na mwanangu."

"Mama, anakulinda. Na Cheche pia anamlinda."

"Mtu anayekutakia mema anakataa chai yako?"

Kesi yenyewe ilikwenda vizuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Shahidi mkubwa alikuwa mlinzi wa stoo. Cheche, ambaye hakuwa na wakili, alimuuliza mwenyewe.

"Mzee, uso wangu uliuona?"

"Uso sikuuona. Niliona mgongo."

"Na mgongo wangu ukoje?"

Mlinzi akafikiri sana. "Kama mgongo."

Mahakama nzima ikacheka, mpaka askari akainamisha kofia. Hakimu hakucheka, ila aliandika. Karani alikimbia jikoni na habari. "Tulia, mama. Fua mashuka ya mtoto. Hukumu wiki ijayo, na mimi nimekaa mahakamani miaka, najua kesi iliyokufa inavyonuka."

Mama Birika alifua mashuka. Lakini alipokuwa akiyaanika alianza kuwaza. Maisha yake yote kazini hakuwahi kuona kesi ikiamuliwa na maneno ya mlinzi. Iliamuliwa na mtu kumsemea mtu. Na Cheche alikuwa amesemewa na nani? Mkesha wa hukumu alipompelekea Mkuu chai ya saa kumi, hakuondoka.

"Bwana Mkuu, mwanangu kesho anahukumiwa."

Mkuu alikuwa yule yule wa siku zote, ila siku hizi simu yake ililia mara chache. "Nimesikia. Pole."

"Naomba umsemee."

"Mama, mlango si uliona umezibwa?"

"Wa mbele upo, mzee. Unazunguka tu."

Mkuu akacheka kidogo, kisha akaacha. Akautazama ule weupe ukutani. "Miaka yote hiyo hukuwahi kuniomba kitu."

"Ndiyo maana naomba leo."

Akageuza kijiko ndani ya kikombe. Labda alimhurumia. Labda alitaka kujua kama bado yeye ni Mkuu. "Haya," akasema. "Asubuhi peleka chai."

Asubuhi Mama Birika alichagua vikombe vizuri, vile vya ukingo wa buluu ambavyo havikutumika tangu mlango uzibwe. Akapanga viwili kwenye sinia, akabisha, akaingia. Hakimu aliinua macho kutoka kwenye faili.

"Mama, tuliongea nini mimi na wewe?"

"Chai tu, mheshimiwa."

"Na hicho cha pili cha nani?"

Kabla hajajibu, Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, kofia kwapani, anatabasamu kama zamani. "Habari za asubuhi, mheshimiwa. Nimepita kunywa chai, na nina neno dogo kuhusu kijana wa mama huyu."

Hakimu akasimama. "Mzee, tafadhali, usiendelee."

Mkuu alibaki na tabasamu lake usoni, halikujua pa kwenda. Kisha akageuka. Walisikia viatu vyake barazani mpaka vikaishia. Hakimu alikaa chini polepole, akavitazama vile vikombe, mvuke unatoka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umenifanyia nini?"

Mahakamani hukumu haikusomwa. Hakimu alieleza mbele ya watu wote kilichotokea chumbani kwake, bila kuficha wala kuongeza. Alisema akimwachia kijana, watu watasema ni chai. Akimfunga, watasema anataka kuonyesha haogopi wakubwa. Kwa hiyo anajitoa. Faili litakwenda mahakama nyingine, na kesi ianze upya. Cheche aligeuka kizimbani akamtafuta mama yake kwa macho, naye hakuweza kuyainua yake. Askari akamgusa kijana bega, naye akashuka.

Mama Birika aliachishwa kazi mwezi ule ule. Alipokwenda mahabusu, walizungumza kupitia wavu.

"Mama," Cheche alimwambia, bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, "ulidhani sitashinda mwenyewe?"

Alitaka kujibu kwamba hakuwahi kumwona mtu akishinda mwenyewe. Alimpa mkate aliomchukulia, akaondoka.

Kesi ya pili ilisikilizwa mji mwingine, ambako nauli ilimshinda kwenda kila tarehe. Safari hii mlinzi alikuwa ameukumbuka uso. Aliueleza mpaka kovu la cheche ya moto lililo juu ya jicho. Kijana akafungwa.

Jioni habari zilipofika, aliyebisha hodi kwa Mama Birika alikuwa yule mjane wa mkaa. Kichwani kwake alikuwa na kifurushi cha mkaa, akakitua mlangoni.

"Nimekuletea, dada. Najua huna hata wa kuwashia."

Hapo Mama Birika akashindwa kuvumilia. Alimweleza yote: mlango, kitasa, sinia, na ile siku ya kiwanja. Mjane alisikiliza huku akichomoa kipande kimoja kimoja cha mkaa na kukipanga jikoni.

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kuna kitu. Sukari uliyoniletea ilikuwa nyingi mno."

Akapuliza moto mpaka ukashika. Maji yakachemka. Chai ilipoiva Mama Birika alimletea mjane kikombe chake mkononi, kisha akarudi kuchukua cha kwake.