Si stima iliyoua kompyuta ya shangazi

Shangazi anailaumu stima. Si stima. Ni mimi.

Duka lake la kudarizi, hapa Meru mjini, linategemea kompyuta moja kuukuu. Programu inayoongoza mashine yake haitengenezwi tena, kwa hiyo kompyuta hiyo haiunganishwi na intaneti kamwe.

Leo alipoenda soko la Gakoromone kununua ndizi, niliiunganisha.

Nilitaka kumfurahisha kwa toleo jipya kidogo la programu hiyo, nililolipata kwenye tovuti nisiyoijua. Sikunakili chochote kwanza. Mimi, mwenye digrii ya kompyuta!

Virusi vilifuta michoro yake yote, hata nembo ya sare za kina mama wa kanisa zinazotakiwa Jumapili hii. Kisha kompyuta ikazima, ikakataa kuwaka.

Aliporudi alisonya. "Stima tena! Hawa watu wa umeme watatumaliza."

Akampigia mwenyekiti wa kina mama. "Pole, mama. Lakini msichana wangu wa kompyuta yuko hapa. Atarekebisha."

Akanipa kiti chake.

Nimekikalia hadi sasa, nikijifanya natengeneza. Yeye anachora nembo upya kwa penseli, na kila mara ananiambia nisijichoshe.

Nyinyi mmejua kabla yake, na hilo pia linaniuma.

Mwenye maneno ya kuanzia kuungama aniandikie hapa chini, kabla shangazi hajamaliza kuchora.