Kazi ya Kuangusha Wana wa Watu

Siku niliyoanza kazi ya kuangusha watu ilikuwa Jumapili ya mvua, kwenye uwanja wa bustani ya umma hapa Ilford, mashariki ya London, nami nilikuwa nimevaa viatu vya kriketi. Nasema kazi, ingawa hakuna aliyewahi kunilipa. Mkate wangu niliupata kwa kufunga matairi kwenye gereji moja ya Stratford, na huko nilistaafu salama bila jambo lolote la kusimulia. Lakini vijana wakiniuliza nilifanya nini maishani, jibu linalonijia kwanza ni kwamba nilikuwa mlinzi katika mpira wa Kimarekani.

Televisheni ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuuonyesha mchezo ule, na kila pembe ya London vijana walikuwa wakiunda timu, wengi wetu bila kujua hata mpira wenyewe unashikwaje. Kocha Mkuu alikuwa Mmarekani, mwanajeshi mstaafu aliyeoa Mwingereza akabaki huku. Alinitazama toka juu hadi chini. Sisi ni Wahindi wa Mombasa, tulioletwa London na pasipoti za Kiingereza wakati leseni za maduka zilipoanza kuwa taabu, na mimi nimelelewa kwa mahamri na biriani. Mwili ulikuwepo.

"Umewahi kucheza?" akaniuliza.

"Kriketi."

"Hilo tutakusamehe. Unaweza kusukuma?"

Nikamwambia nimesukuma mikokoteni ya mchele dukani kwa marehemu baba tangu navaa kaptura.

"Basi wewe ni mlinzi," akasema, akaenda kumwangalia mwingine.

Niwaeleze kidogo, maana najua mpira mnaoujua ni ule wa miguu. Kila timu ina kundi la kushambulia na kundi la kulinda, na makundi hayo hayaingii uwanjani pamoja. Washambuliaji wanaongozwa na kotabeki, ambaye ama huurusha mpira kwa mkono, ama humkabidhi mkimbiaji apenye nao katikati ya watu. Sisi walinzi kazi yetu ilikuwa moja tu: mwenye mpira afike chini. Akishafika chini mwamuzi hupuliza filimbi, kila kitu kinasimama, na watu hujipanga upya. Ila mpira ukimponyoka mtu kabla ya filimbi, huo ni wa yeyote atakayeuwahi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Kocha wa Ulinzi, fundi wa kuezeka mapaa, mwenye shingo nene na maneno machache. Yeye ndiye aliyenionyesha kusoma mkono. Mtu wa mstari wa mbele huinama mkono mmoja ukiwa chini. Ukiona ameukandamiza mpaka kucha zimekuwa nyeupe, jua uzito wake wote uko mbele, anataka kukusukuma, na mkimbiaji anakuja nyuma yake. Ukiona vidole vinagusa majani kidogo tu, huyo anajiandaa kurudi nyuma amlinde kotabeki, na mpira utarushwa. "Usimtazame usoni," alikuwa akisema. "Uso hudanganya. Mkono hauna akili hiyo." Msimu wa kwanza nilikaa katikati kabisa ya mstari, mahali pa kukanyagwa. Msimu wa pili nikahamishiwa nyuma ya mstari, ambako mlinzi ana uhuru wa kumfuata mkimbiaji popote aendapo, na hapo nikajiona bwana mkubwa.

Tatizo langu lilikuwa moja. Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, hata kama hukuhusika na jiwe lake. Sasa fikiria mtu uliyemgonga mwenyewe kwa bega, akalala chali anatafuta pumzi! Mimi kila nikimwangusha mtu, mkono ulikwenda wenyewe kumshika kwapani, nami ninasema pole, pole bwana. Wachezaji wenzangu walicheka. Kocha wa Ulinzi hakucheka.

Siku moja nilimgonga mkimbiaji vizuri sana, kishindo kikasikika mpaka barabarani, na mpira ukamtoka. Ulikuwa unadunda pale karibu na goti langu. Filimbi haijalia. Nami nimeinama, namwuliza kama ameumia! Mwenzake akaupita mgongo wangu, akaokota mpira, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Tukafungwa mechi.

Kocha wa Ulinzi alinisubiri penye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

"Wewe ni mlinzi au muuguzi?"

"Mlinzi, Kocha."

"Ukimgusa tena mtu uliyemwangusha, utakaa benchi mpaka uzeeke."

Nikakaa benchi mechi zilizofuata. Nawaambia kweli, iliniuma kuliko bega lolote. Gerejini nilikuwa yule Mhindi wa matairi, na mtaani nilikuwa mtoto wa mama fulani. Pale uwanjani peke yake ndipo nilipokuwa mtu anayesubiriwa.

Wakati huohuo mambo ya nyumbani nayo yakaharibika. Mama alijua nacheza mpira, akafikiri ni mpira kama wa watu wote. Siku alipoingia jikoni akanikuta nimevua shati napaka dawa ya kuchua, akauona mgongo wangu ulivyogeuka rangi, akakaa kwenye kiti.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna, Mama. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Mchezo gani huo wa kupigana? Jumapili nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiridhika, cheza. Nisiporidhika, utaacha."

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Lakini baba alifariki tukiwa bado kwenye vile vyumba vya kupanga vya Kilburn, na Mama alitulea kwa cherehani moja. Akisema utaacha, unaacha.

Jumapili hiyo mlinzi aliyechukua nafasi yangu alikuwa amevunjika kidole. Kocha wa Ulinzi akanirudisha. "Unakumbuka nilichokwambia?" akaniuliza. Nikamwambia nakumbuka. Kwenye viti vya mbao nilimwona Mama na buibui lake na mwavuli, chupa ya chai miguuni, na bakuli la kababu lililofunikwa kwa kitambaa mapajani. Nikajua leo naweza kuupoteza mchezo huu kwa mkono wa yeyote kati ya wawili hawa.

Wapinzani walikuwa na mkimbiaji mmoja hodari, Glen, mtoto wa Wajamaika, mfupi mwenye mapaja kama magogo. Mara ya kwanza alipokuja upande wangu nilikuwa nimeshaziona kucha za aliyemtangulia. Nikamkuta katikati ya njia, nikamwangusha. Filimbi ikalia. Mkono ukataka kwenda, nikaushika kwa mkono mwingine. Nikageuka nikaenda zangu, Glen amelala pale anahangaika kuvuta pumzi.

"We!" Sauti hiyo naijua tangu tumboni. "Umemwangusha mwana wa watu, na pole humpi? Nimekuzaa mimi au nimekuokota?"

Mama alikuwa ameshavuka kamba. Alikuja moja kwa moja katikati ya uwanja, mwavuli mkononi, watu wazima wenye helmeti wakimpisha. Mwamuzi alishika kile kitambaa cha njano anachorusha mtu akifanya kosa, akakishika tu, hakujua amrushie nani. Mama akainama, akamwekea Glen mkono kifuani. "Pole, mwanangu. Pole sana. Vuta pumzi taratibu." Na Glen, ambaye hakujua hata neno moja, akavuta pumzi taratibu.

Kocha Mkuu alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Kocha wa Ulinzi akanijia usoni.

"Mama yako anasema nini?"

"Anasema sikulelewa vizuri. Na akiondoka hapa hajaridhika, Kocha, mimi nimeacha mpira. Si utani."

Alimtazama Mama akimfuta Glen matope usoni kwa ncha ya mtandio. Akakuna shingo yake.

"Sikiliza. Filimbi ikiwa haijalia, mpira kwanza. Huyo aliyelala na afe. Umenielewa? Filimbi ikishalia, mwinue, mbusu, mwimbie, fanya anavyotaka mama yako."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya mchezaji. Kwa miaka mingi nimesikia makocha wakifundisha walinzi wamchukie mtu. Mimi sikuweza kumchukia mtu, ila nilipoambiwa hasa saa ya kuacha kumwonea huruma na saa ya kuanza tena, niligonga watu kwa moyo mweupe. Mechi ile tulishinda, na mara mbili mpira ulipodunda chini niliulalia mimi. Kila baada ya filimbi nilimwinua Glen, naye mwishoni akawa ananyoosha mkono kabla sijafika.

Mechi ilipokwisha Mama alifunua bakuli. Akamwita Glen, akampa kababu, akamtazama anavyokula. Kisha akanigeukia.

"Haya, cheza. Lakini kila unayemwangusha, umlete nyumbani ale."

Nilidhani anatania. Jumapili iliyofuata akaniuliza wako wapi. Basi ikawa desturi, timu ngeni ikija Ilford, wakimbiaji wake waliishia kwenye sebule yetu, magoti yamejaa matope juu ya mkeka, wanakula mbaazi na mahamri, na Mama anawauliza kwa Kiingereza chake cha kudunduliza kama mama zao wanajua wanachokifanya. Glen akawa haji tena kama mgeni. Alikuja kwa mlango wa nyuma.

Nilicheza mpaka goti la kushoto likakataa, nikahamia pembeni kuwa msaidizi wa Kocha wa Ulinzi, na yeye aliposhindwa kupanda mapaa na kusimama mvuani nikarithi filimbi yake. Nimefundisha watoto wa Kinigeria, wa Kisomali, wa Kizanzibari wanaoelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza. Siku hizi wana video za kila kitu, lakini bado nawapigisha magoti kwenye majani watazame kucha. Sasa nimepumzika. Asubuhi za baridi nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, na mke wangu ananicheka. Sijutii hata ngazi moja.

Mama alifariki majira ya kuchipua, kitandani mwake, akiwa ameshika mkono wangu. Siku ya mazishi nilitoka msikitini nyuma ya jeneza, nikakuta upande wa pili wa barabara kundi la wanaume wanene wa rangi zote, wamevaa suti zinazowabana, wengine na fimbo, wengine wanachechemea. Glen alikuwa mbele, analia wazi. Hawakujua kama wanaruhusiwa kusogea.

Imamu wetu ni kijana mzaliwa wa hapahapa. Akaniinamia sikioni.

"Anko, hawa ni nani kwa marehemu?"

"Ni watu niliowaangusha," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyewalisha."

Akawapungia mkono waje.

"Basi wasisimame huko," akasema. "Waje wabebe."