Mpira wa Nyuma ya Injini

Mpira ule wa maji ya injini ulipasuka Jumatatu, nikiwa nimebakiza kama kilomita mbili kufika nyumbani Endasak. Kwanza nilisikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua, kisha mshale wa joto ukapanda hadi kwenye rangi nyekundu na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nilizima injini, nikasubiri ipoe, nikaomba ndoo ya maji kwenye nyumba iliyokuwa karibu na barabara. Niliyamimina kwenye rejeta, nikajikokota hadi uani kwa mama mkwe wangu, huku maji yakidondoka njia nzima.

Pikapu hiyo ilikuwa ya marehemu baba mkwe, na ilikuwa imetembea tangu mume wangu hajaanza shule. Mume wangu alikuwa kazini Geita. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, na tangu mzee afariki ndimi niliyekuwa naiendesha. Mama hakuwahi kusema kama jambo hilo lilimpendeza. Nilikuwa mgeni kutoka Masasi, mwaka wangu wa tatu nyumbani kwake, na bado alikuwa ananiita "mwalimu," kama wanavyoniita wazazi wa wanafunzi.

Ilikuwa likizo, na nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumamosi ningempeleka Maretadu, upande wa Mbulu, kwa dada yake mkubwa. Hawakuwa wameonana tangu msiba wa mzee. Nyonga ilikuwa inamsumbua, pikipiki hawezi tena kuipanda, na safari ya kuunganisha magari matatu alikuwa ameijaribu mara moja akaapa hatairudia. Alikuwa ameshaandaa debe la maharage na kuku wawili wa kupeleka.

Jumanne nilimwita fundi kutoka Katesh. Alifungua boneti, akamulika, akachungulia, akajaribu kuingiza mkono, akautoa ukiwa umechubuka.

"Mwalimu, huu mpira wa maji uko nyuma kabisa. Umekaa kati ya injini na hili bati la mbele ya dereva. Mkono hauingii. Injini lazima ishuke."

"Siku ngapi?"

"Wiki. Au mbili, kama sitapata watu wa kuninyanyulia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Basi," alisema, "dada yangu atasubiri." Akaingia ndani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Angelalamika ningepata la kujitetea.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda kwenye gari nikatoa kitabu cha maelekezo ambacho mzee alikuwa amekihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikisoma kurasa zote zinazohusu maji. Kisha nikafunga simu yangu kwenye kijiti, nikaipitisha nyuma ya injini nikapiga picha. Nilipiga kama thelathini. Nyingi zilikuwa giza tupu, lakini nne zilionyesha kila kitu: mpira wenye kona kama kiwiko, ufa wake, na klampu mbili, pete za chuma zenye skrubu, zinazoushika kila upande. Niliziangalia kwa muda mrefu. Hakuna mahali kitabu kiliposema injini ishuke.

Nilituma picha kwa muuza vipuri Arusha, nikamsisitizia kwamba nataka mpira wenye kona ile ile, maana ulionyooka ukikunjwa unajiziba. Alhamisi jioni ukafika kwa basi, umefungwa kwenye gazeti.

Ijumaa asubuhi nikaanza. Nilifungua koki iliyo chini ya rejeta, maji ya kijani yakashuka kwenye beseni. Ndama wawili wa mama wakaja mbio kunusa.

"Mama, wafukuze. Hayo maji ni matamu lakini ni sumu."

Aliwafukuza, akalibeba beseni mwenyewe akalifungia stoo. Halafu badala ya kurudi jikoni akabaki pale, mikono nyuma, akinitazama nikitoa betri na boksi la chujio la hewa ili kupata nafasi.

Klampu ya kwanza niliifikia. Ya pili, ya nyuma, kichwa cha skrubu yake kilikuwa kimegeukia kwenye bati. Niliingiza mkono wa kulia, ukakwama chini ya kiwiko. Nikaingiza wa kushoto, ukakwama hapo hapo. Nilijaribu kutokea juu, nikalala chini nikajaribu kutokea kwenye tairi. Saa nzima ilipita hivyo. Nilipotoka uvunguni nilikuwa na damu kwenye vidole na machozi yalikuwa karibu, nikasema kwa sauti kwamba fundi alikuwa sahihi.

"Shida ni nini?" mama aliuliza.

"Mkono wangu mnene, mama."

Aliutazama, kisha akakunja mkono wa sweta yake na kuutazama wa kwake. Ulikuwa mwembamba kama mpini, mrefu, mishipa tupu.

"Nionyeshe hicho kitu kinavyokaa."

Nilichukua mpira mpya nikafunga klampu ya akiba mwisho wake, nikaugeuza kama ulivyokaa kule nyuma, nikampa pamoja na bisibisi fupi. Aliifungua klampu na kuifunga mara tatu akiwa anaiangalia. Mara ya nne akafumba macho. Kisha akapanda juu ya kreti la soda, akaegemea ukingo wa gari, akapitisha mkono.

Ukaingia mpaka kwenye bega.

"Mzee hakuwahi kuniacha niguse hapa," alisema. "Alikuwa anasema nitaharibu."

"Umegusa nini sasa?"

"Ngoja. Usiniongeleshe."

Uso wake ulikuwa umegeukia Mlima Hanang lakini haukuwa unatazama chochote. Mwanamke huyu amezalisha ng'ombe maisha yake yote. Nilishamwona mara moja akimgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, na uso wake ulikuwa huu huu.

"Nimekipata kichwa," alisema. "Kinageukia upande gani kulegea?"

"Kama unafungua kifuniko cha chupa. Lakini wewe uko nyuma yake, kwa hiyo..." Nikasita, nikahesabu kichwani. "Jaribu. Kikikaza, rudi upande wa pili."

Kilikaza. Akarudi. Niliona msuli wa shingo yake ukisimama, na baada ya muda akasema taratibu, "Kinakuja."

Mpira wa zamani ulikuwa umegandia kwenye bomba, ikabidi auchane kwa kisu cha jikoni, kidogo kidogo, mpaka ukatoka vipande viwili. Alivirusha chini bila kuvitazama. Nikampa kipande cha msasa akasugua mdomo wa bomba. Tulipofika kwenye kuvisha mpira mpya, baridi ya asubuhi ilikuwa imeufanya mgumu, haukubali. Akaniambia nilete mafuta anayotumia kukamulia.

"Hapana mama. Mafuta yanaula mpira. Tutumie sabuni."

"Basi uchemshe kwanza," alisema. "Lete birika."

Tuliutumbukiza kwenye maji ya moto yaliyokuwa ya chai, tukaupaka povu la sabuni, akaupeleka ndani ukiwa bado laini. Alisukuma, akapumzika, akasukuma tena. Mimi nilikuwa nasukuma upande wa kwangu. Ghafla ukaingia wote, nikausikia mpaka kwenye kiganja changu.

Alifunga klampu ya nyuma, nikafunga ya mbele. Aliposhuka kwenye kreti mkono wake ulikuwa mweusi kutoka vidoleni hadi begani, na akawa anaugeuzageuza juani kama mtu aliyevaa bangili mpya.

Kazi haikuisha hapo. Nilirudisha betri na boksi la chujio, nikafunga koki, nikajaza maji nikawasha, na baada ya dakika chache mshale ukaanza kupanda tena. Mama alinitazama. Nilizima, nikakumbuka kitabu kilivyosema kuhusu hewa inayonaswa ndani. Ilipopoa, nikalisogeza gari mpaka pua yake ikaelekea juu kwenye mwinuko ili hewa ipande, nikafungua kifuniko cha rejeta, nikawa nakamua mpira wa juu kwa mikono. Mapovu yakatoka makubwa, halafu madogo, halafu yakakoma. Nikaongeza karibu lita mbili. Nilipowasha tena, mshale ulipanda hadi katikati ukatulia. Tulisimama nusu saa nzima tukiuangalia. Chini ya gari kulikuwa kukavu.

Nilimpigia simu fundi nikamwambia mpira umebadilishwa.

"Mmepata wapi winchi ya kushusha injini?" aliuliza.

"Hatukushusha."

"Sasa nani aliingiza mkono?"

"Mama."

"Mpe simu," akasema, na nikamsikia akimwamkia shikamoo kwa heshima ambayo mimi hakunipa Jumanne. Mama aliitikia marahaba, akamwambia siku akikwama tena amfuate.

Jumamosi tuliondoka kabla jua halijawa kali. Tulipita Basotu, tukapita Haydom, vumbi likituandama, na kila mlima tulioupanda mama aliinama kutazama mshale kabla yangu. Haukutikisika. Saa saba tulikuwa Maretadu.

Dada yake alitoka akiwa na fimbo. Mama, mwenye wajukuu kumi na mmoja, alishuka garini akainamisha kichwa na kumwamkia kama mtoto. Walishikana mikono muda mrefu. Kabla hata ya kuteremsha maharage, akaniambia nifungue boneti. Mashemeji zake wawili na jirani mmoja wakaja. Hakukuwa na cha kuonekana, mpira wenyewe umejificha, kwa hiyo akawaambia waingize mikono. Mmoja mmoja waliingiza, mmoja mmoja wakakwama. Jirani, mtu mwenye kifua kama pipa, hakuvuka hata kifundo cha mkono.

Baada ya chakula, mama na dada yake walikaa kwenye mkeka ukutani, wakiongea Kiiraqw haraka mno kwangu. Niliambulia neno moja tu lililokuwa likirudi, mpira, na kila liliporudi mama alinyoosha mkono wake mwembamba mpaka begani, na dada yake akacheka mpaka akashika mbavu.