Ngata Chini ya Sanamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nivue medali. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani Burma, nikahangaika mjini na vibarua vya bandarini, hata mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikaajiriwa kutunza bustani za mji. Nikaona siku kama hiyo haifai kwenda ovyo. Nikapiga pasi kaptura, nikaning'iniza medali kifuani, nikaripoti kwenye kitalu cha miche upande wa Upanga. Mkuu wa kazi, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Bustani, alinitazama kama aliyekuta mbuzi kwenye matuta yake.

"Toa hiyo," akasema kwa Kiswahili chake cha amri. "Hapa hapana vita. Hapa iko maua."

Nikaivua, nikaitia mfukoni, nikapewa jembe. Wakati wa kunipeleka Burma hakuna aliyeniambia nitoe kitu. Ninyi vijana mnaosoma haya mtasema ni jambo dogo. Si dogo. Mimi ni mzee sasa na bado linaniwasha.

Kitaluni nilikaa misimu miwili, kisha nikahamishiwa kwenye banda la mashada. Nampa Bwana Bustani haki yake: kazi aliijua, na alinifundisha mwenyewe. Watu hutazama maua, lakini uhai wa shada uko kwenye pete, yaani lile duara la ndani ambalo halionekani. Tulisokota nyasi kavu, tukazikaza kwa kamba ya mkonge mpaka ziwe ngumu. Baada ya hapo tuliivisha pete matawi ya mvinje, yakilaliana upande mmoja kama makuti ya paa. Maua yalikuja mwisho, kila moja limefungwa waya mwembamba shingoni. Pete ikilegea, kabla ya adhuhuri shada lote limepinda, na hapo utayasikia matusi ya Bwana Bustani kutoka ng'ambo ya barabara.

Kila Novemba nilitengeneza shada kubwa kuliko yote. Hilo lilikuwa la Mkubwa wa Serikali, aliyeliweka chini ya sanamu ya askari katikati ya mji, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarumbeta lilipigwa, wakubwa wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Sisi wa bustani tulisimama kando na toroli, tayari kuzoa majani yaliyoanguka.

Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Kazi iliyonipa heshima niliifanya jioni, Kariakoo, kwenye baraza la Bi Mwajuma, muuza vitumbua karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mumewe tulikwenda naye Burma, akabaki huko. Bi Mwajuma hakulia mbele yetu hata mara moja. Alitupa baraza lake na kututaka tuwe na faida. Tukaunda chama cha askari wa zamani, tukakiita Bega kwa Bega. Mtu akifa pale mtaani hana ndugu, sisi tulimwosha, tukamchimbia, tukamzika kwa dini yake. Mgonjwa asiyeweza kutembea tulimbeba kwa kitanda mpaka hospitali. Mvua ikifurika Jangwani tuliingia majini hadi kifuani kutoa wazee na watoto, na mara moja tulitoa cherehani tatu za fundi wa Kihindi aliyetushukuru kwa kutushonea mashati bure. Hatukumngoja mtu atuamuru.

Chamani tulikuwa wa namna mbili. Tulikuwapo sisi wa Burma, tulioshika bunduki. Na walikuwapo wazee wa vita vya kwanza, wengi wao wapagazi, waliobebeshwa vyakula na risasi za jeshi vichwani, maporini, miezi kwa miezi. Hata jina la Kariakoo linatokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, maana kambi yao ilikuwa papo hapo tunapouziana nyanya leo. Walikufa wengi mno, kwa njaa, kwa homa na kwa tumbo la kuhara, na wengi wao hawana kaburi.

Mmoja wa wazee hao aliitwa Mfaume. Alitoka kusini, kama mimi, akiwa kijana, pamoja na mdogo wake Saidi. Alikuwa mtu mkimya, ila jioni moja alituambia habari yake, na tangu siku ile chama hakikuwa na amani.

"Mpagazi hatui mzigo mpaka mnyapara aseme 'Tua!'" alisema. "Ukitua bila amri, kiboko. Saidi tumbo lilimshika. Akakaa kando ya njia, sanduku la risasi liko kichwani, hajalitua, anangoja amri. Akafa hivyo hivyo amekaa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikasimama, nikachapwa, nikampita. Nilimpita mdogo wangu kama mtu anavyopita kisiki."

Tukamuuliza anataka chama kimfanyie nini.

"Sitaki fidia wala medali. Nataka siku ile ya tarumbeta, wakubwa wakiwapo, niiweke ngata yake chini ya sanamu, niseme neno moja tu, 'Tua.' Aliyemtwika ndiye amtue, au basi awepo akishuhudia anatuliwa. Nikifa kabla ya hapo nitamwambia nini Saidi?"

Ngata mnaijua: kile kitambaa au majani makavu ya mgomba yanayosokotwa kuwa duara, ukaweka kichwani ili mzigo usikuumize utosi. Mfaume alimsokotea Saidi mpya kwa mikono yake.

Aliyepanga sherehe alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la Mwingereza, ambaye sote tulimwita Kapteni. Nikamwendea, Mfaume na Bi Mwajuma wakiwa nyuma yangu. Hakutukaribisha kukaa.

"Wapagazi hawakuwa askari," alisema. "Hawana medali. Hawawezi kusimama kwenye mstari."

"Bwana Kapteni," nikamwambia, "chini ya sanamu ile, kwenye shaba, wapagazi wametajwa. Mimi huisugua shaba ile kwa mkono wangu."

"Vizuri," akajibu. "Kama wametajwa, imetosha."

Imetosha! Shaba iliwakumbuka, na mtu mwenye macho na masikio akaona shaba inatosha. Bi Mwajuma alisema njiani kurudi kwamba laiti angekuwa na karai lake la mafuta ya vitumbua karibu, sherehe ya mwaka ule ingekosa mpangaji.

Novemba ikafika. Chama kiliwekwa nyuma ya kamba pamoja na wapita njia. Tarumbeta lilipokwisha, Mfaume akainama, akapita chini ya kamba, akaenda taratibu mpaka kwenye sanamu, akaiweka ngata kando ya shada kubwa. Kabla hajafumbua kinywa, polisi wawili walikwishamshika mikono. Kapteni alimtazama Bwana Bustani, na Bwana Bustani akanitazama mimi niliyesimama na toroli.

"Wewe. Ondoa takataka."

Sikusogea. Akarudia, nami nikaendelea kusimama wima, mikono ubavuni, kama nilivyofunzwa jeshini. Mwishowe polisi mmoja akaiinua ngata kwa ncha ya kirungu chake, asije akachafuka, akaitupa kwenye toroli langu juu ya majani makavu. Mzee wa watu, aliyebebea jeshi lao mpaka utosi ukaota sugu, akatolewa pale kama mwizi wa kuku.

Ngata ile niliichukua nikaihifadhi. Mwaka uliofuata nilipoanza shada la Mkubwa wa Serikali, sikusokota pete ya nyasi peke yake. Niliiweka ngata ya Saidi katikati, nikaizungushia nyasi, nikaikaza kwa mkonge, nikaivisha mvinje na maua. Siku ilipofika, Mkubwa wa Serikali aliibeba ngata ile kwa mikono miwili yenye glavu nyeupe, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa. Kapteni akainamisha. Bwana Bustani naye kofia mkononi. Moyoni nilicheka mpaka machozi yakanilengalenga.

Sikuweza kungoja. Kazi ilipokwisha nilikimbia Kariakoo kuwasimulia. Baraza zima lilipasuka kwa kicheko; mmoja wetu alijigaragaza sakafuni. Mfaume peke yake hakucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "umemficha tena."

"Mzee, wamemwinamia wote!"

"Wameinamia maua. Yule aliyebeba hakujua amebeba nini. Na Saidi ndivyo alivyobeba, hajui vita ni vya nani. Porini alifichwa na nyasi, na wewe umemfunika kwa nyasi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeihatarisha kazi yangu kwa ajili yake. Nikaondoka bila kuaga, na usiku mzima nikabishana naye kichwani. Alfajiri nilikuwa nimeshindwa.

Basi chama kikaamua: kama mtu wa kutua hatakiwi mjini kwao, tutatua Kariakoo, penye kambi yenyewe, siku ileile ya Novemba iliyofuata, baada ya tarumbeta lao. Tukamwalika Kapteni. Bi Mwajuma alikwenda mwenyewe, akarudi akisema, "Amesema atajaribu." Tukaazima kiti kizuri chenye mikono, tukakiweka mbele kabisa. Nikamwomba Bwana Bustani ruhusa ya siku moja.

"Siku hiyo?" akasema. "Ukienda, wewe hapana rudi kwenye mashada."

Nikaenda, na medali yangu kifuani.

Mfaume alisimama mbele ya kile kiti, ngata mpya kichwani, na juu ya ngata sanduku la mbao lililojaa mchanga. Tulimsihi abebe tupu. Akakataa. Mahamali wa sokoni, wale wachukuzi wa magunia, waliposikia habari waliacha njia zao, wakaja wakasimama nyuma yake na mizigo yao vichwani. Hakuna aliyewapanga. Walisimama mstari ulionyooka kuliko wa sherehe yoyote niliyoiona mjini.

Tukangoja. Jua lilipanda. Kiti kikabaki kitupu. Shingo ya Mfaume ikaanza kutetemeka, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Nikanyoosha mikono nimsaidie, akanikemea, "Niache! Si wewe uliyemtwika."

Tukangoja tena. Magoti yake sasa yalikuwa yakicheza. Hapo Bi Mwajuma alitoka katikati ya watu, akasimama karibu yake.

"Kaka Mfaume," akamwambia, "hatakuja. Saidi anangoja tangu vita vile mpaka leo, na hawa hawaji. Wewe ni mkubwa wake. Mtue wewe."

Mzee alifumba macho. Kisha akapaza sauti ambayo sikujua anayo, "Saidi! Tua!"

Akalishusha sanduku chini. Nyuma yake mizigo yote ikashuka kwa pamoja, puu, mpaka ardhi ikatikisika miguuni mwangu. Nimeyasikia matarumbeta mengi maishani, na hakuna lililonifika pale sauti ile iliponifika.

Mfaume alikufa kabla ya Novemba nyingine, tukamzika sisi. Mimi nilihamishiwa kwenye mitaro ya Jangwani, kuzoa tope, na nikaizoa miaka kadhaa bila kuomba msamaha. Baada ya Uhuru nilirudishwa bustanini, nikapanda hadi msimamizi, nikawafundisha vijana kukaza pete mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga walinisifu sana kwa mashada yangu. Nilishukuru, ila niliwaambia kwamba maua yanafunika mengi.

Wengi wa chama wamekwishatangulia. Saidi alituliwa na ndugu yake. Wenzake, wale waliokaa kando ya njia wakingoja amri, hawana ndugu aliyebaki wa kuwaambia neno lile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na sitajifanya kuwa limepoa eti kwa sababu nimekuwa mzee.

Kiti kile tulikinunua kwa mwenyewe, na sasa kiko kwangu. Kila Novemba nakitoa barazani, nakipangusa vumbi, nakaa kando yake kwenye mkeka. Vijana wanaopita na mikokoteni yao huniamkia, "Shikamoo babu! Unamngoja nani?"

"Marahaba," nawajibu. "Namngoja aliyewatwika."