Siku Pikipiki ya Baba Ilipopanda Kilima

Enzi zetu, nyinyi mliokulia River Road mtakumbuka, pikipiki ikikohoa haikupelekwa kwa fundi. Ilifunguliwa sebuleni juu ya magazeti, na watoto wote wakafukuzwa isipokuwa mwenye vidole vyembamba. Mwenye vidole vyembamba nilikuwa mimi, Saida, na raha ile sijaipata tena hata siku ya harusi yangu. Mume wangu anisamehe.

Baba alikuwa karani wa duka la vitambaa. Pikipiki yake ilikuwa ya cc hamsini tu, injini ndogo kabisa, ya samawati, ikinywa petroli iliyochanganywa na oili. Penye tambarare ilikwenda vizuri. Taabu ilikuwa kile kilima cha kwenda Westlands, ukishavuka daraja la Chiromo. Kila Idd tulikwenda Muthangari kumsalimia dada yake Mama, mimi mbele juu ya tangi, Mama nyuma kakaa upande, na buibui lake na kikapu cha vitumbua. Chini ya kilima pikipiki inaanza kulia, Baba anapunguza mwendo, Mama anashuka bila kuambiwa. Anapanda kwa miguu juani, magari yanampita, sisi tunamngoja juu. Mama aliona aibu, na mwaka ule Ramadhani ikielekea kwisha alimwambia Baba, "Nikishuka tena pale, Baba Saida, mimi na pikipiki yako basi. Utakwenda kwa dada yangu na tangi lako."

Baba alinywea. Kesho yake tukafungua injini, tukiwa na saumu zetu. Masizi yaliyokuwa mle ndani! Tundu la kutolea moshi lilikuwa limezibika nusu nzima. Baba alisema pistoni ni laini, ukiikwangua kwa chuma utaichuna, inataka mti. Basi akauchukua mwiko wa Mama akauchonga mpini, nami nikakwangua mpaka pua ikawa nyeusi. Mwanya wa plagi tukaupima kwa wembe. Kisha Baba akatoka kwa wauza vyuma vikuukuu, akarudi na sproketi ya nyuma, lile gurudumu la kuzungushia mnyororo, yenye meno mengi kuliko ile yetu. "Mbio zitapungua, lakini nguvu ya kupanda itaongezeka," alinieleza, kana kwamba mimi ni mhandisi mwenzake, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama niliyesomea. Mama alipita akauona mwiko. "Haya, chongeni. Uji wa futari leo nitaukoroga kwa kidole."

Siku ya Idd tulitoka tumependeza. Tukavuka daraja. Baba akapunguza mwendo, akabadilisha gia, akafungua mafuta yote. Jamani, ilipanda! Ilipanda bila kulia, bila kukohoa, na Baba mtu mzima na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono akawa anapiga kelele kama mtoto siku ya kufunga shule. "Unaona, Mama Saida? Unaona mambo hayo?" Tukafika juu, tukageuka tuone uso wake. Nyuma hapakuwa na mtu.

Alikuwa kule chini kabisa, kikapu mkononi, anakuja kwa miguu. Baba alipopunguza mwendo tu, yeye alishuka kwa mazoea, kama miaka yote.

Nilidhani patawaka moto. Tuliteremka mbio, tukamkuta amejiinamia, hawezi hata kusimama kwa kucheka. "Geuza," alisema akifuta machozi. "Tuanze upya. Leo sishuki hata ukinisukuma." Tukapanda watatu, Mama kamshika Baba kiunoni mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona hata nyumbani, na tukacheka mpaka juu.

Vijana wa siku hizi pikipiki ikizima wanatoa simu. Plagi wanaisikia tu. Lakini pikipiki zao zina nguvu, siwezi kusema uongo. Juzi boda alinipandisha kilima kile nikiwa sijamaliza hata bismillahi. Baba hayupo, Mama hayupo. Tulipofika juu nikamwambia kijana ageuze, turudi chini.

"Shosho, umesahau kitu?" aliniuliza, kama wanavyotuita sisi mabibi.

Nikamwambia hapana, tupande tena tu, na safari hii aende polepole.