Siku Niliyomvisha Kanga Afisa wa Hisa

Jamani, kabla hamjaanza: video nimeiona. Msinitumie tena. Nimetumiwa hata na shangazi yangu wa Usinge, ambako mtandao wenyewe mpaka upande juu ya kichuguu, kwa hiyo nikisema Tabora nzima imeniona nikimfunga kanga afisa wa serikali aliyekuja kuokoa fedha za watu, sisemi kwa kujisifu. Aibu ni yangu, nimeikubali, nalala nayo na kuamka nayo, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya vijiweni.

Kwa asiyenijua, mimi ni mshereheshaji. Harusi, kipaimara, sendofu, ufunguzi wa duka la vipuri, popote penye kipaza sauti na pilau mimi nipo. Jina la kazi Emsii Mihambo, Mnyamwezi halisi wa hapahapa mjini, na mdomo wangu (mke wangu atawathibitishia) haujawahi kuchukua likizo.

Basi akaja mtu aliyejiita Mkurugenzi. Suti ya bluu, viatu vya kuchongoka, gari la kifahari (la kukodi, ila hilo tulikuja kulijua baadaye pamoja na mwenye gari). Akaniambia anauza hisa za kiwanda cha juisi ya maembe, kiwanda kitajengwa upande wa Kigwa karibu na reli, na atakayenunua hisa atakula gawio yeye, watoto wake na wajukuu. Nikamwuliza swali moja tu la kitaalamu: "Chakula kitakuwepo?" Akasema kipo. Nikakubali kazi.

Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Kumwuliza kama ana kibali cha kuwauzia watu hisa hakukunijia kabisa, maana mimi nilidhani hisa ni kama maembe yenyewe, ukiwa nayo unayapanga mafungu kando ya barabara na kuanza kuita wateja. (Serikali, msiisingizie, ilikuwa imeshatoa onyo kuhusu kampuni ile. Ililitoa kwenye tovuti, ndani ya waraka unaofunguka ukiwa na bando la kutosha na shahada ya sheria. Wakulima wa tumbaku wa Uyui bila shaka huwa wanausoma kila asubuhi kabla ya kwenda shamba.)

Nikazunguka mji mzima na gari la matangazo. Na kwa kiherehere changu nikampigia simu mama mkwe, kule Kigwa. Huyu mama ni mjane, mwanakwaya wa parokia, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameuza ng'ombe wake ili aezeke nyumba yake bati. Nikamwambia, "Mama, bati huota kutu. Hisa haioti kutu." Maneno hayo hakuna aliyenifundisha, nilitunga mwenyewe, tena bure.

Siku ya siku ukumbi ukafurika. Wafanyabiashara wa mjini na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakulima waliolala mjini kwa ndugu zao usiku wa kuamkia siku hiyo, kwaya mbili, na mama mkwe wangu aliyeteremka kwenye treni na kitenge chake kipya. Meza ya malipo ilikuwa kushoto kwa jukwaa, foleni imeshaanza kujikunja, na mimi nimewasha moto kwenye kipaza sauti kama kawaida yangu.

Mara akaingia kijana mmoja mwembamba, shati limelowa jasho, begi mgongoni. Akapanda jukwaani moja kwa moja.

"Natoka mamlaka ya serikali inayosimamia uuzaji wa hisa," akasema. "Naomba hicho kipaza sauti."

Sasa nisameheni. Mtu wa serikali aje peke yake, kwa miguu, bila gari la king'ora wala mtu wa kumbebea begi, tena awahi? Nikajua huyu si mzima, au katumwa na rafiki zangu.

"Mgeni wetu," nikasema, "kwanza kabila gani?"

"Hilo halihusiani."

"Linahusiana sana! Au nasema uongo?"

Ukumbi ukaitikia, "Linahusianaaa!"

Akashusha pumzi. "Mzaramo."

Yesu na Maria! Ukumbi ulilipuka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu wakibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, na kuja msibani kwako akamwigiza marehemu anavyokoroma, nawe huruhusiwi kununa. Mtani akisema nyumba inaungua, sisi tunaongeza kuni. Kwa hiyo kijana wa watu, kwa kutaja kabila lake tu, alikuwa ameshapoteza madaraka yote aliyopewa na Bunge.

"Uuzaji huu ni kinyume cha sheria!" akasema kwa sauti. "Kampuni hii haina kibali. Naamuru usimamishwe sasa hivi!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi ndiyo nikapata mafuta: "Mzaramo anaamuru! Babu yangu alibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka kwenu, akafika akawakuta mmelala chini ya minazi, leo unakuja na amri?" Akachomoa kitambulisho. Nikampokonya. "Mali ya mtani imetaifishwa!" Na kwa kuwa mimi ni mtu makini, sikukitupa hovyo. Nilimkabidhi Mkurugenzi amtunzie.

Naam. Kitambulisho cha mkamataji nilimpa mkamatwaji, kwa mikono miwili, na nikainama kidogo kwa heshima.

Kisha nikaazima kanga ya mwanakwaya nikamfunga mtani wangu kiunoni, nikamkalisha kiti cha bibi harusi kilichokuwa pale ukumbini, na kutangaza kwamba hatoki mpaka atulipe mbuzi. Yeye alikuwa akipiga kelele palepale kitini, "Mama zangu, msilipe! Baba zangu, msilipe!" na watu wakifuta machozi ya kucheka kwa mkono mmoja, wakilipa kwa mwingine. Mkurugenzi akaninong'oneza kwamba anakwenda msalani. Alikuwa na mkoba. Nikatangaza, "Mpisheni Mkurugenzi!" na watu wakampisha.

Polisi wawili walipofika (walikuwa wakitafuta mafuta ya gari), wakauliza, "Afisa aliyetuita yuko wapi?"

"Mimi," akasema mtu wa kanga.

"Kitambulisho?"

Akaninyooshea kidole mimi. Mimi nikakinyooshea kiti cha Mkurugenzi. Kiti hakikuwa na wa kumnyooshea. Kicheko kikaanza kufa viti vya mbele, kikaenda kikifa hadi mlangoni, na mtu mmoja kule nyuma ambaye habari hazijamfikia akaendelea kucheka peke yake.

Tukapakiwa wote wawili, mimi na afisa, yeye mbele na mimi nyuma. Njiani akazungumza bila kugeuka. Alisema wako wachache na nchi ni kubwa, kila wakifika kampuni imeshahama mkoa na kubadili jina, na ushahidi haupatikani kwa kuwa walioibiwa wenyewe hawataki kumsema mwizi, wanaogopa akifungwa gawio litapotea. "Ila kufungwa kanga," akasema, "hii ni mara ya kwanza." Nilitaka kucheka. Nikajizuia, kwa mara ya kwanza siku ile.

Na kweli, kituoni watu walipotakiwa kuandika maelezo dhidi ya Mkurugenzi, wakasema tumpe muda, pengine amepita benki. Walipoulizwa kama kuna mwenye ushahidi dhidi yangu, simu zikatolewa mifukoni zote kwa pamoja. Nilishtakiwa kumzuia afisa kufanya kazi yake, na ushahidi ulikuwa na picha, sauti na vigelegele.

Ndugu zangu wote walikuwa wamezima simu. Jioni nikasikia jina langu, nikatolewa mahabusu, na aliyesimama pale kaunta kunidhamini alikuwa mama mkwe wangu. Mimi sina mkanda wala viatu, nimeshikilia suruali kwa mkono. Nikasema nini? Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, akiwa ameangalia ukutani.

Afisa alikuwepo, akamwuliza, "Mama, huyu ni nani wako?"

"Mume wa binti yangu," akasema. "Kwa sasa."

Tukatoka nje. Nilikuwa nimejiandalia maneno: kwamba na mimi nimedanganywa, kwamba utani ni mila, kwamba serikali nayo ingekuja na gari. Nikamwuliza kwanza, kwa kujipa moyo, "Mama, wewe hukuwa umelipa, sivyo?"

Akasimama.

"Baba Kabula," akasema, "yule kijana aliposema msilipe, mimi nilitoka kwenye foleni. Nikafika hadi mlangoni. Nikakuangalia wewe, maana ni wewe uliyeniita. Ukawa unacheka. Nikarudi kulipa."

Na mimi mwenye mdomo usiochukua likizo sikupata neno hata moja, na mpaka leo sijalipata. Mkurugenzi hajakamatwa, afisa ametengenezewa kitambulisho kipya, na mimi nabeba kipaza sauti kila Jumamosi ili nimwezekee mama nyumba yake, upande mmoja mmoja. Nimeapa: mtu wa serikali akipanda jukwaani na kusema acheni, mimi nakaa chini kwanza. Kabila lake nitamwuliza keshokutwa.