Vijiti Kumi na Vinane

Wifi yangu Gam-mui alininyima kuku miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza kupigwa mionzi mara thelathini na tatu kwa saratani ya nyuma ya pua. Shingo ilikuwa imebabuka, mate yamekauka, na uji nikiunywa unatokea puani.

"Mionzi ni moto, wifi, na moto huzimwa," alisema, akinimiminia chai chungu ya majani. Kuku na bata bukini, alidai, wangeuamsha ugonjwa. Mume wangu Yuk-sing alinyamaza, kama anavyonyamaza kila dada yake anapofungua kinywa. Nikapungua kilo tisa. Daktari alipouliza nani amenikataza kula, nilimtazama Yuk-sing, naye akatazama dari.

Tangu siku hiyo nikajipikia mwenyewe: supu ya kuku, mayai ya mvuke, na chupa ya maji nimeining'iniza shingoni kama mtoto wa chekechea. Lakini taya lilikuwa limekakamaa, kinywa hakifunguki vizuri. Sikusoma hata darasa moja, kwa hiyo muuguzi hakunipa karatasi ya maelekezo ya mazoezi, alinipa vijiti vya aiskrimu. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unaviweka katikati ya meno, unahesabu hadi mia, halafu unajaribu kusukuma kimoja zaidi. Nilianza na tisa. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Mwezi wa nane binti yetu Hoi-ching alichumbiwa. Wazazi wa kijana walitaka tukutane Jumapili kwenye nyumba ya chai. Siku mbili kabla, Yuk-sing aliniambia huku anavua viatu, "Gam-mui atakaa kwenye kiti chako."

"Kiti gani?"

"Cha mama. Unajua hali yako. Chai itakutoka puani mbele za watu."

"Kwani yeye ndiye aliyemzaa?"

"Usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Jumapili nilitangulia peke yangu, nikakikalia kiti. Gam-mui akaja na Yuk-sing, midomo ameipaka rangi nyekundu.

"Wifi, umepotea njia?"

"Njia naijua. Kaa pale karibu na mlango, upate upepo."

Wakwe walipofika nilimmiminia chai mama wa kijana, Mama Fong. Akagonga meza kwa vidole viwili kunishukuru. Kisha akachagua kifuko cha unga cha mvuke, chenye kamba wa baharini ndani, kilicho kinono kuliko vyote, akaniwekea bakulini.

Kitu ulichowekewa na mkwe utakikataaje? Nilikuwa nimefikia vijiti kumi na sita. Kile kifuko kilitaka kinywa kinachofunguka vijiti kumi na vinane. Gam-mui aliinua shingo ili aone vizuri.

Nikatoa vijiti mkobani, nikaviweka kwenye meno, nikahesabu moyoni. Yuk-sing aliiva uso mzima kwa aibu. Nilipofika mia nikasukuma cha kumi na saba. Kikaingia.

"Vingapi hivyo?" Mama Fong akauliza.

Nikamwonyesha kwa vidole, kumi kisha saba.

"Huyu mzee alikomea kumi na vinne," alisema, akimwelekezea mumewe kidevu. "Mvivu."

"Nakusikia," mzee akasema.

"Unasikia kwa sikio moja. Hilo jingine uliliacha kwenye mionzi."

Mzee alitoa chupa ya maji mfukoni mwa koti, akanywa funda moja, akanisogezea sahani ya mchuzi ili nisitafune pakavu.

Nilikila kile kifuko kwa meno ya mbele, mara mbili, mara tatu, maji, halafu tena. Ladha ya kamba sikuipata. Kipande kidogo kilipanda puani, nikakifuta kwa kitambaa, nikaendelea. Hakuna aliyegeuza uso, isipokuwa Yuk-sing. Chai ya pili niliimimina mimi, na ya tatu.

Harusi ni mwezi wa kumi na moja, na kutakuwa na bata bukini wa kuchoma. Nimenunua aiskrimu boksi zima. Yuk-sing anazila, mimi naosha vijiti.